Kimya cha Pumzi Saba

Siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, Darajani hapapitiki. Nani asiyejua? Mwenye viatu anapiga kelele, mwenye mapazia anapiga kelele, mwenye tende anapiga kelele na swaumu yake mdomoni. Siku hiyo, katikati ya zogo lote hilo, ilisikika sauti moja ya mwanamke iliyowashinda wote.

"Fundi, mwenzangu, nitazame vizuri, mimi nna magauni kumi na moja ndani, kumi na moja, na Idi ni mtondo au mtondogoo, na hii charahani imenifia mkononi asubuhi hii hii, na mafundi watatu wameshaniambia mota imekufa, wa kwanza hata hakuifungua, wa pili kaifungua akaifunga, wa tatu kaniuliza kama nshaolewa, sasa wewe niambie mapema, kama nawe hujui sema nende zangu, maana mimi..."

"Bi dada," fundi akasema. "Nyamaza kidogo, nisikie inavyosema."

Ibtisam binti Sami alibaki mdomo wazi. Tangu azaliwe kule Mkunazini, watu walimwambia mengi kuhusu mdomo wake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwita kasuku. Marehemu baba yake alimwita redio. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze kwa upole namna ile, kama mtu anayeomba kupishwa mlangoni.

Basi akanyamaza. Alisimama pale mbele ya duka la nyuzi la Bi Tabia, buibui lake jeusi lina taraza ya rangi ya zabibu aliyoitia mwenyewe mikononi, pini tatu kazisahau kifuani, na akamtazama yule fundi akiinama. Alikuwa mwanamme mwembamba, mweusi wa kung'aa, kofia ya viua imemkaa sawasawa, shati lina madoa ya mafuta ya mashine lakini limepigwa pasi. Aliweka sikio karibu na charahani akalizungusha gurudumu kwa mkono. Polepole. Mara ya pili. Mara ya kumi.

"Inagonga mara moja kila mzunguko," akasema hatimaye. "Mota haina lolote. Kuna kitu kimekwama huku chini."

Akafungua, akachokoa kwa kibano, akatoa ncha ya sindano iliyovunjika, ndogo kuliko punje ya ufuta. Akaiweka kwenye kiganja cha Ibtisam.

"Kashone magauni yako."

"Ni hii tu? Subhanallah! Wenzako watatu..."

"Hawakuisikiliza."

Alikuwa anaitwa Kheir Jaku, mtu wa Tumbatu, na maneno aliyosema siku hiyo yangeenea kwenye kikaratasi cha ubuyu. Lakini Ibtisam alipofika kwao, akashona mpaka adhana ya magharibi, kila mzunguko wa gurudumu ulikuwa unamkumbusha yule mtu aliyeinama.

Siku ya Idi alimpigia simu kushukuru. Nambari kaipata kwa Bi Tabia, msiniulize kwa hila gani. Alishukuru dakika arubaini. Alimweleza magauni yote kumi na moja, wenyewe, waume zao, na nani kanenepa tangu Idi iliyopita. Upande wa pili kimya.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

Akaendelea tena. Baada ya robo saa, "Upo?"

"Nipo, Bi Ibtisam. Ulifika kwenye gauni la nane, la yule aliyetaka mikono ya shifoni mama mkwe akamkatalia."

Ibtisam alikaa kitandani. Hakuna mtu duniani aliyewahi kukumbuka alipofikia.

Mapenzi yao yakaanza hivyo, na yakaendelea hivyo miezi saba: mmoja anasema, mmoja anasikiliza. "Roho yangu, leo umekula nini?" "Mihogo." "Na nini? Sema basi, mbona unanipimia maneno kama dawa?" "Mihogo na pweza. Na nilikukumbuka." Alipolitoa hilo la mwisho, Ibtisam alicheka peke yake mpaka mama yake, Bi Abeer, akamchungulia mlangoni.

Tatizo, wapenzi wasomaji, ni kwamba mwanamke hawezi kuolewa na "Nipo."

Jumatano moja baada ya laasiri walikutana Forodhani, wakati wauza vyakula ndo kwanza wanapanga meza zao na majiko hayajashika moto. Ibtisam alikuja na shoga yake Wanu, kwa adabu, naye Wanu akajitenga hatua kumi na gilasi yake ya juisi ya miwa akijidai anatazama bahari. Ibtisam alivaa shela jipya la rangi ya pilipili ya kuiva. Aliongea habari za vifungo, za paka wa jirani, za bei ya shifoni, kisha akasita, na ndipo Kheir alipojua kwamba kuna kitu kinakuja.

"Kheir. Utakuja kuposa lini?"

Kheir akatazama mikono yake. Muuza mishikaki akamaliza kupanga makaa. Akayawasha. Akaanza kuyapepea.

"Upo?" Ibtisam akauliza.

"N'ache nifikiri."

"Ufikiri? Ufikiri nini tena? Miezi saba unafikiri nini? Kwani mimi nimekuuliza hesabu? Ama unanitaka ama hunitaki! Sema, mie nshazoea kuambiwa. Sema kwamba nna mdomo, sema kwamba mama yako hatanitaka, sema..."

"Ibtisam." Aliliita jina taratibu. "Neno nikishalitoa, sijui kulirejesha. Kwa hivyo nalitazama kwanza. Nawe jaribu siku moja. Mtu akikuuliza jambo zito, vuta pumzi saba kabla hujajibu. Saba tu. Utaona ni mangapi yalikuwa hayana haja ya kusemwa."

"Ah! Nimekuja kuuliza posa napewa somo!" Akainuka, akamkamata Wanu mkono, wakaondoka.

Sasa mimi nitawaambia alichokuwa anakifikiri, maana yeye mwenyewe hakusema, na huo ndio uliokuwa ujinga wake. Alikuwa anamwogopa ami yake Ibtisam, Mzee Darwesh wa Kiembe Samaki. Watu wale ni watu wa mjini, wanajua babu yao alitoka Arabuni kwa jahazi la nani. Na yeye ni fundi charahani, mtoto wa Tumbatu. Alitaka kwanza avuke kwao akamwombe ami yake, Mzee Mkubwa, aje kumsemea, na amalize kupiga rangi vyumba viwili alivyokodi Amani, ili akija kuposa asiwe na pahala pa kukataliwa. Yote hayo yalikuwa kichwani. Angeyasema kwa sentensi mbili, tusingekuwa na hadithi.

Siku zikapita. Tano. Saba. Tisa. Simu alipokea, "nipo" alisema, lakini la posa hakuligusa, na Ibtisam akawa hali halali, anatia uzi kwenye sindano mara nne haiingii.

Siku ya tisa akaja mteja wake, Bi Mwanamkasi, kuchukua gauni la arusi ya dada yake. Gauni la hariri ya kijani, kazi nzuri. Ibtisam, na wasiwasi wake ule, mdomo ukamponyoka kama kawaida.

"Na lile la pili litakuwa tayari Ijumaa ijayo, mwambie bwanako asiwe na wasiwasi."

"La pili lipi?"

"Si hili hili, kitambaa kimoja, ila lile kiuno chembamba. Bwana si ndo alokileta mwenyewe na vipimo kwenye karatasi..."

Akanyamaza, lakini wapi! Bi Mwanamkasi alikuwa mnene, na nyumbani kwake hakuna mwengine mwenye kiuno chembamba. Alikaa chini kwenye mkeka, gauni mapajani, akatazama ukuta. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe mpaka fundi wangu anajua." Akaondoka na kuliacha gauni.

Ibtisam alilia mpaka macho yakavimba. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile aliuona umevunja mtu mifupa yote. Angevuta pumzi saba! Hata tatu! Akaapa pale pale, juu ya mkeka ule ule, kwamba kuanzia leo mtu akimuuliza jambo hatajibu mpaka ahesabu saba. Kheir alisema kweli. Atamwambia, atamwomba radhi.

Kesho yake, Jumamosi, baada ya adhuhuri, Ami Darwesh akaja.

Alikuja na kanzu ya Ijumaa siku isiyo Ijumaa, na shangazi Ulfat nyuma yake kajitanda kanga mpya, kanukia udi mpaka ngazini. Bi Abeer akatandika, kahawa ikaja, halua ikaja. Ibtisam akaitwa.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa." Mzee Darwesh alikuwa mtu wa bandarini aliyestaafu, mkali lakini wa haki, na tangu ndugu yake afe yeye ndiye walii wa kumwozesha mtoto huyu. Akakohoa. "Mwanangu, umeposwa. Kijana Mundhir, yule mwenye duka la spea kule kwetu Kiembe Samaki. Dini anayo, kazi anayo, wazee wake nnawajua. Mimi nimemridhia. Lakini mwenye kuolewa ni wewe. Unasemaje?"

Jawabu lilikuwa tayari mdomoni, moto moto: Simtaki, Ami, nna wangu. Ibtisam akaliuma. Jana tu mdomo umeua mtu. Hili ni zito kuliko yote. Liseme kwa adabu, litafutie njia, Ami asivunjike. Vuta pumzi.

Moja. Akainamisha uso ili apate kufikiri.

Mbili. Nitaanza na kumshukuru.

Tatu. Kisha nitamwambia kuna kijana, ana heshima zake.

Nne...

"Ayiiiyiiiyiii!" Shangazi Ulfat alipiga kigelegele cha kuamsha mtaa. "Kanyamaza! Kimya cha mwari ndo ridhaa yake! Ibtisam huyu huyu, anayesema mpaka usingizini, leo kainamisha uso kanyamaza! Ridhaa gani tena mnataka?"

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Darwesh, na machozi yamemlengalenga. "Alhamdulillahi. Alfatiha."

Mikono ikainuliwa. Ibtisam akafungua mdomo, "Ami, mimi..." lakini Fatiha haikatizwi, na ilipokwisha Bi Abeer alikuwa keshamkumbatia anamlilia shingoni, jirani keshajibu kigelegele dirishani, na Mzee Darwesh keshaiweka simu sikioni: "Naam, naam! Mtoto karidhia! Akdi ya ndoa Ijumaa ijayo, inshallah, baada ya laasiri."

Mtasema, kwa nini hakusema baadaye? Alisema! Ndiyo balaa lenyewe. Alisema siku ya pili yake, jikoni, kwa mama yake, akasema kwa kasi ile aliyoizoea anapoogopa: kwamba Ami ni mtu mwema, na Mundhir hana ubaya, na yeye Ibtisam alikuwa anahesabu, na Bi Mwanamkasi na gauni la kijani, na simtaki, mama, na yupo mtu, na vifungo vya gauni la arusi atavitia nani, na kwa nini shangazi ana haraka vile. Bi Abeer alikuwa anapembua mchele. Miaka ishirini na nne alikuwa akiyaacha maneno ya mwanawe yapite, kama mtu anavyoiacha redio ya jirani. "Enhe," akasema. "Enhe, mwanangu. Utazoea."

Akaenda kwa shangazi. Shangazi akacheka: "Arusi imekutia kiwewe, sote tulikuwa hivyo." Akampigia Ami, akazunguka, akazunguka, akamuuliza hali ya mguu, akamuuliza hali ya mbuzi, na kila akilikaribia lile neno, akalikimbia. Ami akasema, "Mwanangu, nna wageni," akakata.

Na jioni ya Jumapili ile simu ikalia. Kheir. Hajawahi kupiga yeye kwanza.

"Bi Tabia kaniambia umeposwa."

"Kheir, nisikilize..."

"Kweli ulinyamaza?"

"Nilinyamaza, lakini..."

"Basi." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Wewe hunyamazi, Ibtisam. Nnakujua. Ungekuwa hutaki, Unguja nzima ingesikia. Mimi ndiye niliyechelewa. Allah akujaalie kheri."

"Kheir! Upo? Upo?"

Hakuwepo.

Asubuhi Kheir akapanda Vespa yake akaenda Jambiani. Huko kuna kinamama wana ushirika wao, wakitoka pwani kwenye mwani wanashona mikoba, na charahani zao sita zote zilikuwa zimeliwa na chumvi. Kazi ya siku nne. Yeye alitaka hata ingekuwa ya mwaka.

Ibtisam alipiga, hakupokelewa. Alipiga tena. Akaanza kurekodi, vipande vya sauti, kimoja dakika nne, kimoja tisa, kimoja kumi na mbili. Alirekodi akitia shanga, alirekodi akilia, alirekodi chooni maji yamefunguliwa mama asimsikie. Wanu alimtazama akasema, "Shoga, nani atayasikiliza yote hayo?" Ibtisam akamjibu kwamba hajui. Alikuwa amekonda shingo kwa siku tatu, na gauni lake mwenyewe alilolishona lilikuwa linampwaya.

Hata Alkhamisi ikafika. Wakampeleka Kiembe Samaki, nyumbani kwa Ami, maana huko ndiko kutakapofungwa ndoa. Wakamsinga kwa singo, mwili mzima ukanukia mawaridi na liwa. Kisha akaja mpakaji wa hina, akamchora maua kutoka vidole mpaka viwikoni, kwenye mikono na miguu, akamwambia asiguse kitu mpaka ikauke. Simu yake iliwekwa rafuni. Aliiona ikiwaka mara moja, ikazima. Hakuweza kuinyooshea hata kidole. Kesho laasiri atakuwa mke wa mtu, na mikono kaishika juu kama mwizi aliyekamatwa.

Sasa turudi Jambiani, siku hiyo hiyo, saa sita mchana. Kheir alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha ushirika, bisibisi mkononi, simu imeegemezwa kwenye kopo la mafuta. Alikuwa amenuia asizifungue zile sauti. Mke wa mtu ni mke wa mtu. Lakini nani anajidanganya? Alizifungua Jumatatu. Akazisikiliza zote, saa moja na dakika ishirini, kwa mpango, tangu ya mwanzo. Jumanne akazisikiliza tena. Kulikuwa na kilio ndani yake, na shanga, na shangazi, na gauni la kijani, maneno yamepandana juu ya maneno, na yeye alihisi kuna kitu kinagonga mahala, mara moja kila mzunguko, asikipate. Mara zote mbili, kilio kikianza, yeye alikuwa anaiziba simu kwa mkono, hawezi kukisikia.

Siku hiyo ya Alkhamisi hakuiziba. Sauti ya nane, katikati ya kwikwi: "...na nikahesabu, Kheir, kama ulivyonambia, moja, mbili, tatu, nne, wallahi nilifika nne tu, shangazi akapiga kigelegele..."

Bisibisi ilianguka.

"Fundi, kuna nini?" akauliza mama mmoja.

"Mimi," akasema Kheir. "Ni mimi niliyemnyamazisha."

Na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakufikiri. Hakuvuta pumzi saba wala mbili. Alipiga simu mara moja, haikupokelewa. Akaacha mashine imefunguliwa tumbo, akaipiga teke Vespa, akaondoka na mikono ina mafuta. Njia nzima alijaribu kupanga maneno na upepo ukayachukua yote. Ikiwa atafika wakamfukuza? Ikiwa ndoa imetangulizwa, imefungwa leo?

Mzee Darwesh alikuwa barazani kwake Kiembe Samaki anasimamia watu wanaofunga turubai. Akaona kijana anashuka, vumbi mpaka nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzetu? Mleta viti?"

"La, mzee. Mimi Kheir Jaku. Fundi charahani. Nina neno."

"Sema."

Kheir akafuta mafuta mikononi, akayafuta tena.

"Ebo! Umekuja kunitazama? Mimi nna arusi hapa!"

"Sikuja kuposa," Kheir akasema. "Posa juu ya posa ya mwenzio haifai, nnajua. Mundhir simjui, na sina ubaya naye. Nimekuja kusema jambo moja. Kile kimya mlichokisikia siku ile hakikuwa ridhaa. Kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyemwambia akiulizwa jambo zito avute pumzi saba kabla ya kujibu. Alikuwa anahesabu, mzee. Alifika ya nne. Mkampigia kigelegele."

Wafunga turubai walisimama na kamba mikononi. Mzee Darwesh alibadilika rangi.

"Nani kakwambia habari za ya nne?"

"Yeye mwenyewe. Alinirekodia saa moja na dakika ishirini."

"Na wewe umeyasikiliza?"

"Yote. Mara tatu."

"Mara tatu!" Mzee Darwesh alimtazama kijana yule upya, tangu kofia mpaka ndara. "Hata marehemu ndugu yangu hakumaliza robo saa." Kisha uso ukarudi kukunjamana, akaingia ndani bila ya kumkaribisha. "Abeer! Mlete mtoto!"

Ibtisam aliletwa nyuma ya pazia la ukumbini, mikono juu, hina bado mbichi. Alikwishaisikia ile Vespa. Waliokuwa wanatwanga viungo uani wakaweka michi chini.

"Ibtisam. Nnakuuliza tena, na safari hii nitangoja. Ulfat, ziba mdomo wako."

Shangazi Ulfat akajitia pembe ya kanga kinywani.

"Mundhir kakuposa. Unasemaje?"

Moja. Kesho watu mia tatu wamealikwa. Mbili. Ami atatembeaje mtaani? Tatu. Mama analia. Nne. Hapo wote walimwona shangazi anatikisika, lakini kanga ilimzuia. Tano. Sita. Ibtisam alikuwa na maneno elfu, na akayaacha yote yapite, moja baada ya moja, mpaka yakabaki matatu. Saba.

"Simtaki, Ami. Samahani."

Mzee Darwesh alikaa kwenye kiti. Kilikuwa kiti cha arusi, bado kimefungwa nailoni.

"Mbona hukusema mapema, mwanangu? Siku sita!"

"Alisema," ikajibu sauti nyengine. Ilikuwa ya Bi Abeer. "Alisema Jumapili, jikoni. Nnakumbuka sasa. Alisema 'simtaki, mama', na mimi nnapembua mchele. Mungu anisamehe, sikumsikiliza mwanangu."

Msidhani kwamba Ami alicheka akaoza pale pale. Hii si hadithi ya namna hiyo. Alimtokea Kheir barazani akamwambia, "Ondoka. Usiikanyage nyumba hii mpaka nikuite." Kisha akaingia chumbani peke yake na simu, akafunga mlango, na alipotoka alionekana kazeeka. Babake Mundhir alimwambia bora leo kuliko baada ya akdi. Mundhir mwenyewe, nisimsingizie, hakusema neno baya. Lakini turubai likafunguliwa mchana kweupe mtaa mzima ukitazama, na mchele ukagaiwa majirani, na Ami Darwesh hakumsemesha Ibtisam siku arubaini na mbili.

Ibtisam alizihesabu zote. Hina ilififia, ikabaki kwenye kucha tu. Alimpelekea Bi Mwanamkasi gauni lake la kijani kwa mkono wake, akakaa, akamwacha mwenzake aseme mpaka akatosheka, yeye kimya. Kheir hakumpigia, maana Ami alisema mpaka aitwe, na wote wawili walielewa hivyo. Kila simu ikilia aliikimbilia. Je, Ami akisahau kumwita? Je, Kheir akifikiri tena, akafikiri kupita kiasi?

Siku ya arubaini na tatu Ami alikuja Mkunazini, na kanzu ya Ijumaa. Kabla ya kuja alitanguliza habari kwamba mzee mmoja wa Tumbatu, Mzee Mkubwa, kaitwa na amekaa kwake tangu asubuhi, na kwamba hana maneno mengi, lakini yote yana uzito.

"Ibtisam, kaa hapa. Umeposwa na kijana, jina lake Khe..."

"Nimeridhia!"

"Ebo!" Shangazi Ulfat akarukwa na roho. "Mwari gani huyu! Hata jina halijatoka lote! Haya hana?"

Mzee Darwesh alitaka kukasirika, ikamshinda. Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alkhamisi ile. "Mwache, Ulfat. Kimya chake mimi sikiamini tena. Sema mara ya pili, mwanangu, mashahidi wasikie."

"Nimeridhia, Ami. Na siku ya akdi mkinikuta nimenyamaza, mjue nnalia tu, sihesabu."

Akachukua simu, akakimbilia ukumbi wa juu. Ilipokelewa kabla haijalia mara mbili.

"Kheir! Wamekubali, Ami kacheka, shangazi karibu azimie, mama anapika, nishasema mara mbili mbele ya mashahidi, na gauni nitalishona upya maana lile sitaki kuliona, na ile charahani yangu imeanza kugonga tena, uje uisikilize, na mimi... Upo?"

Kimya.

Zamani angeuliza tena, na tena. Safari hii aliisogeza simu sikioni, akangoja. Alisikia kelele za Darajani kwa mbali, na Bi Tabia anagombana na mteja, na karibu zaidi, mtu anavuta pumzi. Akazihesabu pamoja naye. Tano. Sita. Saba.

"Nipo," akasema Kheir, na alikuwa analia.